Mwaka wa Ushanga wa Kijani

Hemedi alizikwa Jumanne baada ya swala ya adhuhuri, na mimi nilifika msibani wanaume wamekwisha kwenda makaburini. Sikuchelewa kwa makusudi. Zamani kutoka Sekei hadi mjini nilikuwa nafika kabla uji niliouacha jikoni haujapoa. Siku hizi goti langu la kushoto ndilo linalopanga safari, na lenyewe halimfanyii mtu haraka, hata marehemu. Wakanikalisha chumba cha wanawake, juu ya jamvi, mgongo ukutani, wakanipa kahawa chungu na tende tatu kwenye kisahani. Juu ya mlango ilikuwa imetundikwa ngoma ya msafara, ile ile, ngozi yake imepasuka upande mmoja na panya wameonja ukingo. Mjukuu wangu Neema, aliyenisindikiza, aliketi kizingitini kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Alikuwa amevaa ushanga wangu mpana wa shingo, maana watu wa mlimani tukienda kumzika mtu wa heshima hatuendi shingo tupu. Jirani yake aliketi mwalimu mmoja kijana kutoka Dar es Salaam, mpangaji wa nyumba ile, na sauti yake ilikuwa ya darasani hata alipojaribu kunong'ona. "Samahani mdogo wangu, hii kijani ina maana gani?" Neema akajibu bila kufikiri, kama anavyojibu jedwali la kuzidisha. "Ni majani, dada. Malisho na baraka. Kwetu wanawake wanaivaa tangu zamani za zamani." Mwalimu akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikachukua tende nikaitia mdomoni, ili mdomo upate kazi nyingine.

Hizo zamani za zamani nazijua. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kama kumi na saba, Wajerumani walikuwa bomani pale chini, na kijani ilianza kwa uongo wangu.

Habari za baba yangu, mama yangu na ng'ombe wetu waliokufa kwa tauni naziacha. Kila mzee wa rika langu anazo na zote zinafanana. Nitaanza na chumba. Kilikuwa chumba cha Koko Nolari, na kama hujui lugha yetu, koko ni bibi. Nyumba yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba za kawaida, ya duara, imeezekwa kwa majani ya migomba, na ndani nusu ilikuwa ya ndama na nusu yetu. Moto ulikaa katikati na moshi ulikaa popote ulipotaka. Tulikuwa wanawake saba au nane, tumeketi kwenye ngozi karibu na mlango kwenye mwanga, kila mmoja na bakuli la ushanga mapajani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Misafara ya Pangani ilileta ushanga umefungwa kwenye uzi mbovu wa pamba, na ukifika kwetu nusu umemwagika ndani ya magunia. Wamasai wa huko mbele, kuanzia Monduli mpaka unakochoka kutembea, hawakupokea ushanga wa kuchota kwa kiganja. Walitaka mtungo, wenye uzi wa kano za ng'ombe, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ukikunjwa mara mbili. Mtungo ukipungua upana wa ukucha, unarudishiwa mwenyewe usoni. Kwa hiyo kila msafara ulisimama kwetu siku kumi au zaidi, wapagazi walale na wale ndizi zetu, na sisi tutunge upya. Tulilipwa kwa ushanga wenyewe. Mikono ilifanya kazi na midomo ilifanya kazi, na wangu ulifanya kazi ya watu watatu.

Nilikuwa nimesoma shule ya misheni miaka mitatu. Nilijua kusoma, kuandika, na kumuiga mwalimu wetu anavyopenga kamasi kabla ya sala. Hicho cha tatu ndicho kilichonitoa shuleni. Pale kwa Koko nilikuwa na wasikilizaji wazuri zaidi. Niliwaigiza askari wa boma wanavyotembea, niliwaigiza wapagazi wanavyoomba nyongeza ya loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, na wenzangu walicheka mpaka ushanga ukamwagika na Koko akatulaani sote kwa zamu. Koko mwenyewe hakucheka. Alikuwa mwembamba, jicho moja limeingia ukungu, na kwa hilo lililobaki aliona kosa la ushanga mmoja katikati ya mia nne. Yeye ndiye aliyewatengenezea mabibi harusi na mabinti wa ngoma ushanga mpana wa shingo, ule unaokaa kama sahani. Alichomvalisha binti mmoja leo, wiki ijayo binti mwenye kuvaa kingine alijificha nyuma ya migomba. Hakutangaza wala hakumshawishi mtu. Alivalisha tu.

Hemedi alikuja mwaka ule baada ya masika. Tuliisikia ngoma kwanza, kisha baragumu la pembe, kisha kiongozi akiimba mstari na wapagazi wakiuitikia kwa sauti nzito ya watu wenye mizigo vichwani. Misafara yote iliingia hivyo, kwa mbwembwe, hata kama njaa imewaumbua tangu jana. Nyuma ya ngoma nilitegemea mzee mwenye ndevu na kilemba, yule tuliyemzoea. Badala yake alitokea kijana mrefu mwenye kanzu iliyopauka na masikio makubwa, amebeba daftari dogo. Akasema yule mzee ni baba yake, miguu imemvimba, na kuanzia sasa ngoma iko mikononi mwake, kwa majaribio. Alilisema wazi hilo la majaribio, mbele za watu, na nikaona huyu hana hata kifuniko cha kufunikia aibu.

Alikuwa na adabu iliyotuchosha. Kila asubuhi alikuja mlangoni kwa Koko, akainama ili asigonge kichwa, akagonga kichwa, akasema, "Shikamoo, bibi. Hamjambo, dada zangu." Lugha yetu hakuijua. Alikuwa na maneno matano, na mawili alikuwa ameyakosea. Kwa hiyo tulizungumza mbele yake kama mtu anavyozungumza mbele ya ndama. Siku ya mwisho kabla msafara haujaendelea mbele, akafungua daftari, akaketi kwenye kigoda na kuuliza, "Safari ijayo nilete rangi gani? Nataka niambiwe na wavaaji wenyewe. Baba alikuwa anakisia."

Sasa, kulikuwa na mitungo kumi na minne ya kijani pale sakafuni. Muuza jumla wa Pangani alimpa kama bahashishi, kwa kuwa haikuwa na mnunuzi. Koko alikuwa ameiinua siku ya kwanza, akaiangalia kwa jicho zima, akasema, "Mavi ya ndama anayeharisha," akaitupa. Tangu hapo hilo ndilo likawa jina lake. Tulivaa nyeupe, nyekundu na buluu, basi. Hemedi alikuwa anasubiri, kalamu imesimama. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nafasi.

"Kijani," nikasema.

Akaniangalia. "Kijani hii?"

"Hii hii. Usilete nyingine. Mabinti wanalia, kaka yangu. Tunaona aibu tu kukuomba kwa sababu tunajua ni ghali."

Mwenzangu Sinyati akauma ushanga mdomoni ili asicheke. Hemedi akaandika, tena akapiga mstari chini. "Ahsante dada Namnyaki," akasema. "Wengine wangeniacha nipotee." Alipotoka akagonga kichwa, na nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Nilijua atamuuliza mtu mwingine. Kila mtu aliyenijua alimuuliza mtu mwingine. Kosa lake ni moja tu, kwamba aliniamini, na hilo halikuwa limewahi kunitokea, kwa hiyo sikulipangia.

Msafara ukaenda mbele, ukarudi, ukateremka Pangani. Lemburis, kijana wa jirani yetu, aliajiriwa kuwa mpagazi mpaka pwani na kurudi. Tulishukuru, kwa sababu Lemburis aliongea bila kituo, aliongea akila, aliongea akiwa mgonjwa, na sasa angeongea mbali. Mimi nikasahau. Kulikuwa na mengi ya kusahaulia. Kila asubuhi tarumbeta la boma lilipigwa, na wanaume wetu waliitwa kubeba mawe ya barabara, wanarudi jioni mabega yamechubuka. Wapagazi waliopita walisema reli inapanda kutoka Tanga, iko karibu na Moshi, na ikifika hapo mizigo itapanda gari na wao watapanda nini. Nilimuigiza mpagazi akibebana na gari la moshi, watu wakacheka. Nikifikiria sasa, sijui walichekea nini.

Ngoma ilisikika tena vuli ilipokwisha. Nilitoka mbio kama watu wote, mikono ina unga. Hemedi alikuwa amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, na alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akatabasamu. Mizigo kumi na miwili ikashushwa uwanjani kwa Koko, mmoja mmoja, akafungua wa kwanza kwa mikono yake. Kijani. Akafungua wa pili. Ulipofunguliwa wa tano nikakaa chini. "Nimefuata neno lako, dada," akasema. "Nimebadilisha kila kitu cha baba. Baba akaniambia, hii ndiyo safari ya mwisho kabla ya reli. Ukiuza yote, ngoma ni yako na jina ni lako. Ukirudi na mzigo, ngoma nampa shemeji yako, na wewe utabeba kichwani nyuma yake." Alisema hayo kwa furaha, kama mtu anayesimulia hatari iliyopita.

Siku nne zilizofuata sizipendi. Wanawake walikuja kutoka Sakina na kutoka upande wa Engutoto, wakainama, wakatazama, wakainuka, wakaondoka. Morani mmoja akauliza kama hiyo ni dawa ya kuharisha au ni kuharisha kwenyewe. Wengine walikuja mbali kabisa kwa ajili ya kucheka tu, na wengi walicheka kwa maneno ya Koko, yaliyokuwa yamepanda mlima mzima miezi sita kabla. Hemedi alianza kuja mlangoni bila kugonga kichwa, maana alikuwa anainama kupita kiasi. Chakula akakiacha. Sinyati alimpelekea kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa vizuri, akakirudisha na shukrani. Nikajaribu kuivaa kijani mwenyewe, mitungo sita shingoni, nikapita sokoni chini ya boma. Watu wakasema, "Namnyaki ana mchezo mpya." Hapo ndipo nilipojua faida ya kuwa mchekeshaji. Hata ukivaa msiba wako, watu wanasubiri sehemu ya kuchekesha.

Siku ya tano tukaketi kwa Koko kulizungumza. Hemedi alikuwepo. Koko alikuwa amemwita na kumpa kibuyu cha maziwa ya mgando, akamwambia kwa Kiswahili chake kifupi, "Kunywa, wewe. Usife kwangu." Akaketi kwenye kigoda chake akinywa pole pole, akiangalia moto, na sisi kama kawaida tukaendelea kwa lugha yetu juu ya kichwa chake. Sinyati akasema, "Mwambie ukweli. Mwambie ulimdanganya, akarudishe Pangani." Mama mmoja akasema, "Pangani ataurudisha kwa nani? Ni sawa na kumrudishia mtu mafua." Mwingine akasema tuutupe mtoni, tuseme umeibiwa. Mimi nilikuwa na hofu, na nikiwa na hofu nilikuwa nakuwa mkali. Nikasema, "Kosa ni lake. Mtu mzima unamwamini msichana usiyemjua. Kichwa chake kibuyu kitupu, hata maziwa hayagandi humo." Hemedi akapaliwa. Maziwa yakampanda puani, akakohoa mpaka machozi, nikalazimika kumpiga piga mgongoni. "Pole, kaka yangu," nikamwambia kwa Kiswahili. "Ahsante, dada," akasema, akifuta macho. Kisha nikamgeukia Koko na kurudi kwenye lugha yetu. "Koko, ni wewe tu. Mvalishe binti mmoja kijani kwenye ngoma ya morani. Mmoja tu."

Ngoma hiyo ilikuwa imebakiza majuma matatu. Rika jipya la morani lilikuwa linatoka, na mabinti wa mlima wote wangekuja kuimba. Koko hakuinua uso. "Nimeiita mavi ya ndama," akasema. "Watu wamenisikia. Unataka nimvalishe mtoto wa mtu mavi?" Nikabembeleza. Nikaahidi kumtekea maji mwaka mzima. Akasema maji anayo, mto ni wa Mungu. Kisha akatutoa nje wote, pamoja na Hemedi, aliyeinama, akagonga kichwa.

Nililala vibaya, na asubuhi nikafanya jambo ambalo watu wetu hawalifanyii mchezo. Nikang'oa majani. Kwetu mtu akishika majani mabichi mkononi na kuyainua, anaomba msamaha, au anaomba amani, na unayemwinulia anasimama. Morani waliokuwa wanakatana wanashusha sime. Mzee aliyekuwa anamlaani mwanawe anafunga mdomo katikati ya laana. Kwa sababu majani ndiyo ng'ombe na ng'ombe ndiyo sisi, na mtu hawezi kuyakataa majani akabaki mtu. Nikashika majani mkono wa kulia na mitungo ya kijani mkono wa kushoto, nikasimama mlangoni kwa Koko mbele ya wanawake waliokuja kutunga. Sikupanga hiyo mikono miwili. Nilikuwa nimekuja na ushanga kumwonyesha kwamba nimeutunga vizuri, hakuna zaidi. Lakini jua lilikuwa limetoka nyuma ya Meru na kuangukia vyote viwili, na hata mimi niliona.

Koko aliona kabla yangu. Jicho lake lilikwenda mkono huu, likaenda mkono ule, likarudi. "Wewe mtoto wa mdomo," akasema, "umenikamata." Ilikuwa kweli. Kama angeusukuma ushanga, angeonekana kusukuma majani, maana rangi ilikuwa moja, na mashahidi saba walikuwa wameketi pale. Akaunyoosha mkono, akayapokea majani, akayachomeka juu ya mlango. Kisha akaupokea ushanga, akauinua kwenye mwanga na kuutazama muda mrefu zaidi ya ile siku ya kwanza. "Nani aliuita huu mavi?" akauliza. Sinyati aliniambia baadaye kwamba alikuwa anamwomba Mungu nisijibu.

Akatoa masharti matatu. La kwanza lilikuwa la kazi. Kijani haitakaa kando ya nyekundu bila nyeupe katikati, kwa sababu nyasi na damu hazigusani bila maziwa. Alilitunga pale pale hilo, akichagua ushanga, kwa sauti ya kuchoka. Juzi nimemsikia Neema akilisema hilo hilo kwa wageni kama amri iliyoshuka. La pili, Hemedi asiambiwe. "Mwanaume akijua amedanganywa ataleta hasira," Koko akasema. "Akijua ameokolewa ataleta posa. Mimi sina nafasi ya vyote viwili." La tatu ndilo lililoniua. Nilidhani atamvalisha Sinyati, mrefu, mwenye shingo na uso wa kutulia. Akasema, "Utavaa wewe. Na siku hiyo, tangu unatoka kwenu mpaka jua linazama, hutacheka. Hutaigiza mtu. Hutafungua mdomo ila kwa kuimba. Ukicheka mara moja, itakuwa mchezo wa Namnyaki, na mzigo wake utaoza."

Tulifanya kazi majuma matatu. Koko alikata ngozi, akaikwangua mpaka ikalainika, akatoboa matundu kwa msumari, na sisi tukatunga safu baada ya safu, nyeupe, kijani, nyeupe, nyekundu. Vidole vilipasuka na kano ziliingia kwenye mipasuko. Mara nne Koko alifumua kazi ya siku nzima bila kusema kosa liko wapi, tulitafuta wenyewe. Hemedi alikuja kila asubuhi, akaketi, akapewa maziwa. Alitazama mikono yetu na hakuuliza kitu. Nilimwona mjinga kabisa. Mtu mzigo wake wote unakataliwa, halafu anaona wanawake wanautunga kwa bidii, asiulize kwa nini.

Siku ya ngoma nilitoka kwetu na ule ushanga shingoni, mpana kiasi kwamba sikuona miguu yangu. Watu walikuwa wengi kuliko mawe. Morani walikuwa wamejipaka rangi nyekundu, nywele ndefu zimesokotwa, wanaruka mmoja mmoja hadi vumbi likafika kiunoni. Tukasimama mbele yao, mabinti, tukatikisa mabega ili ushanga uinuke na kuanguka kwa pamoja, ndiyo namna yetu. Kila aliyeniona alikuja karibu akijiandaa kucheka. Wajomba, shangazi, wale wa Sakina. Walisimama, wakanisubiri nianze. Sikuanza. Mzee mmoja alijikwaa kwenye fimbo yake mwenyewe mbele yangu, akaanguka juu ya mbuzi, na mbuzi akakimbia na shuka lake. Niliangalia mlima. Nilihesabu mistari ya theluji ya Kilimanjaro kule mbali, machozi yananitoka kwa kubana, na mama mmoja akamwambia mwenzake, "Tazama, Namnyaki analia. Hiyo kijani ina jambo." Mwenzake akasema, "Ni majani. Koko Nolari ameweka majani." Neno hilo lilipita kwenye umati kama moto wa kiangazi, nikaliona likienda, vichwa vinageuka.

Alasiri nikamwona Hemedi. Alisimama kati ya wapagazi wake na kanzu iliyofuliwa, uso mzito kama kadhi. Macho yetu yakakutana. Jicho lake la kulia likaanza kwenda kwenye pua, taratibu, kisha la kushoto likalifuata, na masikio yale makubwa yakacheza, moja, halafu lingine. Kisha akarudi kuwa kadhi. Nikadhani mdudu amemwingia jichoni. Niliuma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu, nikaimba kwa nguvu zaidi, jua likazama, sikucheka.

Kesho yake asubuhi uwanja wa Koko ulijaa. Walileta mbuzi, walileta asali kwenye mizinga, walileta ngozi, na waliogombania mtungo mmoja ilibidi wapewe majani ili waachane. Mizigo miwili iliyobaki ilikwenda Monduli na haikurudi. Hemedi aliteremka Pangani na ngoma yake, akaipiga mwenyewe, vibaya. Haukupita muda reli ikafika Moshi, misafara ikafa kama taa, na Hemedi akarudi kwetu kwa miguu, bila wapagazi, akafungua duka la ushanga na vitambaa chini ya boma. Akamwoa Zuhura wa Pangani. Mimi nikaolewa Sekei. Kwa miaka yote hiyo nilinunua kwake, na kila mara alinipunja kidogo, ukucha mmoja, na nilipolalamika alisema, "Ahsante, dada Namnyaki. Wengine wangeniacha nipotee." Nilikuwa nalipa tu. Nilimwonea huruma, kwa kuwa hakujua.

Sasa turudi msibani. Bi Zuhura alikuja kuketi kando yangu pale jamvini, kanga kichwani, sauti imekauka. Tukashikana mikono. Nikampa pole, na baada ya pole nikaona niseme, kwa sababu aliyepaswa kuambiwa alikuwa tayari chini ya udongo. "Zuhura, mimi nilimkosea mumeo. Zamani, kabla yako. Nilimdanganya kuhusu ushanga."

Akanitazama kama mtu anayeambiwa leo ni Jumanne. "Ule wa kijani?"

"Alikwambia nini?"

"Dada, anatusimulia kila Ramadhani. Watoto wanaijua hadithi yote kwa moyo." Akavuta kanga. "Safari ile ya kurudi Pangani na kuja alikuwa na mpagazi wenu, Lemburis. Kwenda majuma matatu, kurudi majuma matatu, anaongea lugha yenu tu, hanyamazi. Mume wangu alifika kwenu anasikia kila neno. Siku mlipomjadili akiwa anakunywa maziwa, alisema kidogo afe." Kisha Bi Zuhura, mwanamke wa Pangani ambaye sijawahi kumsikia akitamka neno la kwetu, akafungua mdomo na kusema kwa lugha yangu, na lafudhi ya pwani, "Kichwa chake kibuyu kitupu, hata maziwa hayagandi humo."

Nikamwachia mkono.

"Alisema aliona mmeanza kuhangaika, akaona akinyamaza mtahangaika zaidi," akaendelea. "Lakini siku ya ngoma alishindwa. Alisema ulikuwa umesimama pale umekauka kama mti wa mlango, na yeye anajua kila kitu, akasema lazima nimlipe huyu. Akakufanyia macho. Hata hapa nyumbani aliwafanyia watoto, na masikio. Alisema wewe ndiye mtu pekee ambaye macho yale hayakumchekesha."

Ngoma ilikuwa pale juu ya mlango. Niliiangalia, kisha nikayaona masikio, moja, halafu lingine. Kicheko kikaanza kunipanda. Nikauma shavu lile lile, upande ule ule, lakini meno ya upande huo yalikwisha kung'oka na hayakushika kitu. Kikatoka. Kilitoka kwa kishindo, katikati ya chumba cha wanawake, watu wana tasbihi mikononi. Kisahani cha tende kikapinduka. Mabibi wa jamvi la pili wakageuka, na Bi Zuhura akajifunika uso wote kwa kanga, mabega yake yanatikisika, na mtu asiyejua angesema mjane anazidiwa.

Neema akaja kutoka kizingitini, ameinama, aibu imemjaa. "Bibi, tuko msibani."

"Najua tuko wapi."

"Sasa unacheka nini?"

Nikafuta macho kwa ncha ya shuka. Mwalimu wa Dar es Salaam alikuwa amenyoosha shingo kutoka mlangoni ili asikie.

"Hiki si cha leo, mama," nikamwambia. "Hiki ni cha zamani za zamani."